Mbwa Aliyejua Mkono Mmoja

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nivumilie hivyo hivyo, maana naomba msaada na sina mtu mwingine wa kumweleza haya bila yeye kwenda kuyasambaza. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na mume wangu ni fundi wa mageti, au niseme alikuwa, kwa sababu tangu apigwe na kiharusi upande wake wa kulia umekufa na maneno hayatoki, ingawa kusikia anasikia na akili anazo zote.

Tatizo langu ni mbwa. Usinicheke.

Wezi waliwahi kutuingilia mchana tukiwa msibani, wakaling'oa geti letu kwenye bawaba wakalilaza chini vizuri kama godoro, wakabeba cherehani yangu ya kwanza na televisheni, na kilichomuuma mume wangu si televisheni, ni geti, maana nusu ya mageti ya mtaa huu ameyachomelea yeye na la kwake alikuwa analiahirisha kila mwaka, basi watu walimtania mpaka akaacha kwenda kunyoa kwa kinyozi wake. Ndipo akasema tunataka mbwa. Mimi nikasema sawa, lakini awe mbwa wa familia, acheze na binti yetu na abweke akiona mgeni, basi. Tulienda wote watatu kwa mfugaji, na alikuwepo mtoto wa mbwa mmoja aliyekuja moja kwa moja akajilaza juu ya viatu vya binti yangu, nikamwonyesha, mume wangu akanijibu, "Huyo atamkaribisha mwizi na kumtandikia kitanda." Akamchukua yule aliyejibanza kwenye kona akinguruma hata kwa ndugu zake, akampa jina la Kufuli.

Kufuli alilelewa kwa sheria, mshauri. Alikula kwa mkono wa mume wangu tu, ili mwizi asije akamtegea nyama ya sumu, na mimi nilikatazwa hata kumwita jina. Binti yetu, na hapa ndipo ninapoumia, alifanywa mwizi wa mazoezi, yaani kila akirudi shule baba yake alimwamuru agonge banda kwa fimbo kisha akimbie, ili mbwa ajifunze kumchukia mtu anayekimbia. Mtoto alikuwa analia. Nilipojaribu kusema niliambiwa, "Unataka mbwa au unataka mdoli?" nikanyamaza, kwa sababu nyumbani kwetu yeye akishasema amesema.

Kisha akaanguka karakanani, akalazwa muda mrefu, na Kufuli akagoma kula mpaka mbavu zikaonekana, halafu njaa ilipomzidi akaanza kula nilichomsukumia kwa mpini wa fagio, huku akiniangalia kwa namna ambayo sitaki kuielezea. Siku mume wangu aliporudishwa nyumbani, shemeji yangu, mdogo wake huyo, ndiye aliyekuwa akisukuma kiti cha magurudumu. Mume wangu akaonyesha kwa kidole kuwa apelekwe bandani kwanza, kabla hata ya kuingia ndani. Alijaribu kupiga ule mluzi aliozoea kumwitia mbwa, mdomo umepinda, hewa ikatoka tu. Akanyoosha mkono wa kushoto, na siku zote alikuwa akimlisha kwa wa kulia. Kufuli alimrukia kama anavyomrukia mtu yeyote, mnyororo ukamzuia lakini kipande cha mkono wa shati kilibaki mdomoni mwake. Mume wangu alilia mbele yetu, mtu ambaye hata kwenye mazishi ya mama yake hakutoa chozi.

Na mimi, naona aibu hata kuandika, nilisikia raha. Kidogo tu, lakini niliisikia. Nikasema moyoni, haya, sasa umejua tulivyokuwa tunaishi.

Sasa banda limelegea, ubao mmoja umeshatoka, na mbwa akimwona binti yangu ndipo anapopagawa zaidi, mtoto siku hizi anatoka kwa kupitia dirishani kwenda shule. Shemeji amepanga kwamba siku mume wangu atakapopelekwa kwenye mazoezi ya viungo, yeye atampa Kufuli nyama yenye dawa, tumzike, na mume wangu akirudi tuseme mnyororo ulikatika mbwa akatoroka. Amekwisha kutafuta na mbwa mwingine, mkubwa, wa kampuni ya ulinzi, anasema huyo kazi ya kung'ata ameshafundishwa hatuna haja ya kuhangaika. Binti yangu amesema akija mbwa mwingine hapa yeye anahamia kwa mama mdogo. Mimi bila mbwa naogopa, mtaani wameanza tena kuvunja nyumba, na mwanamume wangu hawezi kunyanyuka. Mume wangu naye kutwa yuko dirishani analiangalia banda, nikimgeuza kiti anaguna mpaka nimrudishe.

Nichague mbwa gani, mshauri, na huyu nimfanye nini? Nimechoka.

Wako, mke wa fundi geti

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Umri nimekuzidi, na pole. Pole ya kweli, kwa sababu unauguza mtu ambaye hukuwahi kupewa nafasi ya kumzoea, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kushona.

Ile raha usije ukaibeba kama maiti. Umenyamazishwa muda mrefu, moyo ukachungulia ukacheka, yameisha. Ila naona mpango wa shemeji umekukolea kwa sababu ya raha hiyo hiyo, na hapo nakuzuia.

Kabla ya mbwa, mtoto. Hapa nakugombeza. Mtoto wako alikuwa anageuzwa mwizi kwenye uwanja wa nyumba yake mwenyewe, wewe umekaa kwenye cherehani unakanyaga. Najua ulisema mara moja. Ulipaswa kusema mara ya pili. Leo hii, kabla hujapika, mwombe radhi binti yako kwa maneno, si kwa kumnunulia soda, na umwambie fimbo ile haikuwa wazo lake wala kosa lake. Na mtoto anayetoka kwake kwa kupitia dirishani, mama, hilo ulitakiwa uniandikie kwenye mstari wa kwanza!

Kisha waite vijana wa karakana ya mumeo. Walaji wakubwa hao, wamekula kwenye sahani zako, waje leo wachomelee banda hilo nondo. Wakimaliza wageukie geti. Hivi kweli, nyumba ya fundi geti mpaka leo haina geti la maana, na nyinyi mnazunguka kutafuta meno ya kuwalinda?

Kufuli hana kosa. Amefanya alichofundishwa, kwa bidii kuliko wengi wetu. Lakini ataumiza mtu, na mtu mwenyewe atakuwa binti yako. Mwite daktari wa mifugo amwone. Akisema kuna mahali pasipo na watoto ambapo mjuzi anaweza kumrekebisha, ashukuriwe Mungu, aende. Sitakudanganya, sidhani atasema hivyo. Akisema basi, iwe kwa sindano ya daktari, mbwa alale asiamke, si nyama ya sumu ya shemeji inayomfanya mnyama ajinyonganyonge kwa tumbo nyuma ya nyumba. Shemeji mwambie ahsante, na mbwa wake wa kampuni abaki naye. Mbwa huyo anamjua askari aliyemfundisha, na mkimleta kwenu mtakuwa mmenunua Kufuli mwingine aliyekwisha kukomaa.

Mbwa mwingine mpate baadaye, binti akishaacha kushtuka. Usichukue mtoto wa mbwa, huna nguvu za kumlea sasa. Tafuta mbwa mzima, jike ikiwezekana, aliyekulia kwenye nyumba yenye watoto, ambaye wenyewe wanahama au hawana tena nafasi. Nendeni kwao mchana, wewe, binti, na mumeo kwenye kiti chake. Akibweka mkiingia, vizuri. Mwenyewe akimwambia inatosha akanyamaza, vizuri zaidi. Muombe mwenyewe aiguse sahani ya mbwa akiwa anakula, na mbwa akinguruma ageni mwende zenu. Kama anakinusa kile kiti, anakizunguka, kisha anaendelea na mambo yake, huyo mchukueni, na nyumbani alishwe na kila mtu. Mwizi hangoji kung'atwa. Akisikia kelele na taa ikawaka, anatafuta nyumba nyingine.

Sasa mumeo. Umeniandikia mwenyewe kwamba anasikia na akili anazo zote, halafu mnapanga kumwambia mbwa katoroka. Mtu huyu atakaa pale dirishani akimngoja arudi. Alikuwa mkali, aliwatesa, na alimpenda mnyama mmoja kwa njia mbaya ambayo ndiyo pekee aliyoijua. Hayo hayakupi ruhusa ya kumfanya mjinga ndani ya nyumba yake.

Keti mbele yake asubuhi, shemeji asiwepo. Mwambie daktari amesemaje, neno kwa neno. Mwambie Kufuli hatabaki, hilo umeshaliamua wewe na halina mjadala, kwa ajili ya mtoto. Halafu muulize kama naye anataka kuwepo daktari atakapokuja. Nadhani nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anataka nini, kwa hiyo utaona ajabu, na yeye ataona ajabu zaidi. Muulize hivyo hivyo. Kisha kaa kimya umngojee, kwa maana jibu lake litachukua muda kutoka.