Gauni Lisilopimwa

Bwera, Septemba 1974

Kwako dada Yunia wa Maliba,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua, na kahawa yenu imekauka kabla ya mvua. Mimi ni mzima, ila macho yananiuma kwa kuteremsha pindo, maana tangu serikali ikataze nguo fupi kila mwanamke analeta gauni lake kwangu.

Ujumbe wako nimeupata kwa Asuman, dereva wa lori. Unasema gauni nililomshonea mama lilimkaa sawasawa, hata pale kwenye bega la kushoto lililoshuka, lakini alipolivaa tu akalivua, akalitundika ukutani na kusema mkono ulioshona gauni lile si wa mtu aliye hai. Unauliza nani alinipa vipimo, kwa sababu ulipofika nyumbani ulikumbuka kwamba ile kamba ya kumpimia mama uliisahau kitandani. Nitakujibu, lakini ukae peke yako unaposoma.

Siku ile ulipokuja dukani kwangu kuagiza gauni ulisema sana, dada. Wewe na maneno ni chanda na pete. Ulinisimulia habari za mdogo wako Kathembo aliyepotea wakati wa vita vya mlimani, jinsi mzee Kezironi alivyongoja mwili wa mwanawe mpaka akachoka, akakata shina la mgomba, akalifunga blanketi, mkalizika na kulilia kama desturi inavyotaka. Ukasema shina lile lilichipua. Sasa limezaa na hakuna anayethubutu kula ndizi zake, na mama husikia mtu akiimba humo migombani mchana kweupe. Wazee wameamua kulifukua na kulichoma ili marehemu anyamaze, naye mama ameapa kwamba wakimchoma mwanawe, atamfuata. Hapo mguu wangu ulisimama juu ya pedali ya cherehani. Uliniuliza kama naumwa, nikasema ni joto.

Haikuwa joto, niliogopa. Mwaka ule mlipozika nilikuwa ng'ambo ya mto wa mpakani, Lubiriha, kwa bibi Edisa aliyenifundisha kushona. Niliugua homa isiyojulikana, kila nilichokula kikawa na ladha ya udongo. Edisa alinichemshia majani, akaniuliza ni akina nani wananililia. Ni yeye niliyemfungulia moyo mara ya kwanza, naye hakushtuka. Alisema, "Mutoto, batu kama weye beko tangu zamani, bababu zetu balibajua." Kisha akanifunga kitambaa cha kichwa, nacho ndicho ulichokisifu siku ile.

Dada, hakuna aliyenipa vipimo. Bega lile nalijua kwa shavu langu, tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni. Mimi ndiye mliyemzika. Kwa zamu ya kuzaliwa mlinipa jina la mvulana wa tano, Kathembo, lakini kwa wasichana mama aliishia kwako wewe, wa nne, na jina la wa tano, Ithungu, lilikuwa halina mtu. Tangu utoto nilijua kwamba ni langu. Wacha waseme nilikimbia mikuki. Nilivuka mto kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kuishi, na kila siku niliyokaa mbali na mama imeniuma.

Nakuomba uwazuie wazee wasifukue. Aliye mle ni Kathembo kweli. Mmemlilia, mwacheni alale. Nakuja Jumapili na lori la Asuman. Ukate mkungu ule uupike, nami nitakula wa kwanza mbele ya wote. Huyo anayeimba migombani mimi simjui.

Mama akiogopa kunitazama usoni, mvishe gauni, umgeuze anipe mgongo. Nitaweka shavu langu pale begani, naye atajua ni nani.

Msalimie baba, ikiwa atazipokea salamu zangu, na kikohozi cha mama mkitie asali mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako,
Ithungu