Mbwa Aliyeachwa na Meneja

Tukuyu, Jumatano usiku

Kumbe kumtoa mbwa kwa mtu mwingine ni kugumu hivi. Tangu shamba la chai liuzwe na meneja ahame, mbwa aliyemwacha nimekuwa nikimtunza mimi, huku nikimtafutia mtu wa kumchukua moja kwa moja.

Leo alikuja Mama Tusekile, mjane kutoka kijiji cha Suma.

"Utamfunga mnyororo?" nikamuuliza.

"Nimfunge wa nini, mwanangu? Naishi peke yangu. Atalala jikoni, karibu na moto."

Mbwa akamnusa mikono, akamfuata. Hakugeuka hata mara moja. Niliumia, na bado nafurahi.

Wiki hii watu wa idara ya mifugo wataanza kuwapiga risasi mbwa wanaozurura. Nyuma ya mabucha ya sokoni kuna jike mwenye mimba. Kesho namfuata.