Sabini na Nane Walio Nyuma Yako

Mpendwa mpwa wangu Taaka,

Watu wa Busia wanasema mpaka huu una serikali mbili, ya Uganda na ya Kenya. Wamesahau ya tatu, ambayo ni mimi na baiskeli yangu. Hakuna gunia la chumvi, mche wa sabuni wala bibi harusi aliyewahi kuvuka hapa bila mimi kujua. Hapo ungecheka na kusema, "Mjomba, punguza kidogo." Sipunguzi. Uko mbali huko kwenye baridi, huwezi kunizuia.

Nakuandikia nikiwa upande wa Kenya, kwenye benchi la duka la Mama Zaituni, maana barua ikitoka kwetu inasomwa na wengi kabla ya mwenyewe. Mama Zaituni anakusalimu. Bado anauza vitenge na betri za redio, na bado anasema mimi ni mwongo.

Unakumbuka asubuhi ile nilipokuvusha uende Nairobi kufanya mtihani wa kuingia chuo cha biashara ng'ambo? Ulikuwa karani wa saruji kule Tororo, na siku zile karani akisema anakwenda kufanya mtihani wa Wazungu, ataulizwa maswali mengi kuliko ya huo mtihani wenyewe. Nikakujaza pamba shavuni, nikakufunga leso kichwani, nikakupakia nyuma. Pale kizuizini wakatusimamisha askari arobaini wenye bunduki.

Najua, ungesema wawili. Haya, wawili. Mmoja akauliza, "Huyu anakwenda wapi?"

"Jino, afande," nikasema. "Limeoza mpaka sikio halisikii."

Ukalia vizuri sana, hadi mimi mwenyewe nikalihurumia lile jino. "Pita haraka," akasema, "atatuambukiza." Na penseli zako zilikuwa zimelala ndani ya nywele.

Kabla ya kupanda basi uliniachia kazi. Matokeo yangekuja kwa anwani ya Mama Zaituni. "Mjomba, fungua, shika namba kichwani, kisha choma karatasi. Usivuke nayo." Ukaniambia pia nimtunze yule jogoo mwekundu kule Masinya, wa kuchinjwa siku ya furaha. Chuo kilikuwa kinangoja namba hizo tu. Zikiwa mbaya, ungehesabu mifuko ya saruji mpaka uzeeke.

Bahasha ikafika, nikaifungua hapa hapa kwenye benchi. Kiingereza changu unakijua, kinatosha kusoma chupa ya dawa. Nikaona mia tano na themanini. Taaka, benchi lilizama. Mimi ni mtu wa Uganda. Kwetu, katika mtihani wa sekondari, anayepata sita ndiye anayebebwa mabegani. Namba ikipanda, mtoto ameshuka. Mtoto wa jirani alipata hamsini, akapelekwa kwa shangazi yake kijijini Sop Sop kulima mihogo. Sasa wa mia tano na themanini anapelekwa wapi? Tena palikuwa na sabini na nane, na kando yake neno la Kiingereza ninalolijua vizuri: chini.

"Vipi?" akauliza Mama Zaituni.

"Amekwenda chini," nikasema. Akanimiminia chai, akatia sukari kwa mkono mkarimu, jambo ambalo si kawaida yake. Nikachoma karatasi, nikarudi nyumbani.

Kesho yake nikaendesha mpaka Tororo, njia nzima natunga maneno. Nikakukuta chumbani kwako unapiga pasi.

"Mpwa wangu," nikaanza, "shamba la Masinya ni kubwa. Na mihogo haina mtihani."

"Mjomba. Sema namba."

"Mia tano na themanini. Na sabini na nane, chini."

Ukaiacha pasi juu ya blauzi ya kazini, ukaketi kitandani, ukafunika uso, mabega yanatikisika. Nikakupapasa mgongo, nikakwambia hata mimi nilishindwa darasa la tano na leo naendesha mpaka mzima. Kumbe unacheka.

"Huu si kama wa kwetu," ukasema. "Namba zinaanzia mia mbili, zinaishia mia nane. Huku kupanda ni kupanda." Ukaona bado nimekunja uso, ukaniletea mfano wa foleni ya sukari. "Chukua watu mia, Mjomba, wamepanga mstari dukani. Sabini na nane wako nyuma yangu. Hao ndio walio chini."

"Na walio mbele yako?"

"Wapo. Kama ishirini hivi."

"Sukari itakufikia?"

"Chuo nilichoomba kinagawa mpaka hapa niliposimama. Itanifikia."

Blauzi ilikuwa inatoa moshi. Hakuna aliyejali.

Ni mwaka wa pili sasa tangu uondoke, na sukari yenyewe imekuwa hadithi. Nikiwa kwenye foleni nageuka kutazama walio nyuma yangu, najisemea, mpwa wangu alikuwa nao wengi kuliko hawa, tena wa dunia nzima. Halafu nakukumbuka mpaka karibu nipoteze nafasi yangu. Watu nimewaambia ulikuwa wa kwanza Afrika. Usinikemee. Nikiwatajia sabini na nane wananipa pole, na sina nguvu za kufundisha Busia nzima.

Soma, kula, vaa sweta. Ukirudi nitakuvusha mwenyewe, safari hii bila pamba.

Limebaki jambo moja dogo. Siku ile uliniuliza jogoo yuko wapi, nikakwambia askari wanane walimchukua kizuizini, nawe ukawalaani mpaka pasi ikapoa. Najua, ungesema walikuwa wawili. Hata hao wawili hawakuwepo. Jioni ile nilipodhani umeanguka, huzuni ilinishika vibaya. Nikamchinja, nikamla peke yangu, mpaka shingo.

Mjomba wako