Mama, Hamia Nyumba ya Bati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini kifua kimeanza kukuachia tangu ulipotoka hospitali ya Haydom, na mahindi ya Masieda hayajalazwa na mvua. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya Roma haina adabu. Inaingia hadi ndani ya soksi, na hapa hakuna ng'ombe wa kutupasha joto.

Kaka Boay amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema nyumba ya bati imekwisha kujengwa, lakini umegoma kutoka kwenye tembe, na paa la udongo linakuvujia kitandani. "Mama anasema Resti akirudi ataikuta wapi nyumba yao." Nimelia, halafu nikacheka, maana ukaidi huo nimeurithi.

Kesho yake Sista mzee anayetufundisha Kilatini aliandika ubaoni domus, yaani nyumba. Neno lenyewe nalo kaidi. Mwisho wake unafanana na wa majina ya kiume, kumbe ni la kike. Nusu linafuata kundi moja la majina, nusu kundi jingine. Wapo wanaosema lilitokana na kujenga, na wapo wanaosema tangu mwanzo lilikuwa watu wa nyumba moja, si kuta. Akaandika tena domi: nyumbani. Mwisho huo wa kuonyesha mahali, alisema, zamani ulikuwa wa majina mengi, ukapotea, ukabaki kwa machache kama hili. Sisi kwa Kiswahili bado tunao: shambani, kisimani. Hapo nikazama mawazoni. Niliwasikia ng'ombe wakicheua nyuma ya ukuta wa fito, moshi machoni, wewe ukikoroga uji. Sista aliponiita, niliitika kwa Kiiraqw. Darasa zima likageuka.

"Ulikuwa wapi?" Sista akaniuliza.

"Domi," nikasema. Hakunigombeza.

Mama, nakuomba uhame. Mwache Boay abomoe tembe kabla haijakuangukia. Ninachoogopa ni kurudi nikute nyumba imesimama na wewe hupo.

Nisalimie Boay, na wifi yangu anayekusomea barua hii, asiruke mistari. Jirani yetu aliyekupikia uji ulipougua, mwambie namwombea.

Wala usihofu kwamba nikirudi nitapotea. Kwetu mtu hasukumi mlango. Husimama nje, huita, husubiri. Nitasimama nje niite. Utakapoitikia, hapo ndipo nitakapoingia.

Mwanao,
Sista Restituta, Resti wako