Mstari Mwekundu Chini ya Jina Lako

Akinyi, binti yangu,

Kompyuta yako ilifika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujauliza kama nimekula.

Ilifika tukiwa tumeshakuzika. Watu wa matanga walikuwa wamerudi makwao, sufuria za kuazima zimerudishwa, na mimi nimetoka Muhoroni na udongo wa kwa mume wako bado umegandia kwenye viatu vyangu. Gari likasimama hapa Kaloleni, dereva akashusha maboksi, akauliza, "Huyu Akinyi wa kutaipu yuko?" Nikamwambia, "Ingiza ndani."

Anayeandika ni mtoto wako Awuor. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Unajua mimi darasa nililiona kwa nje tu, nikipita na kuni. Na nasema Kiswahili makusudi. Nikisema Dholuo, lugha yetu, nitalia, na kilio hakina herufi. Nimemwonya aandike vile ninavyosema, asinitengenezee. Hata pale nitakapomsema yeye, aandike.

Ile ya zamani unaikumbuka kuliko mimi. Kioo cheusi, herufi za kijani, na kale kamstari kanakopepesa kakingoja uiambie kitu. Mliiita Dosi. Nilikuwa nakuletea nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale kwenye chumba chako cha kutaipia karibu na soko la Kibuye, nakaa kwenye benchi ya wateja, na ukinikataza kuweka bakuli juu ya meza unasema, "Mama, usiiguse, inafikiri." Nikakuuliza, "Inafikiri nini na haina watoto?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulikohoa muda mrefu, Akinyi. Nilidhani ni kicheko.

Halafu watu wakaanza kutaka programu za mazishi zenye maua kwenye pembe na msalaba uliochorwa vizuri, na Dosi haikujua maua. Wakawa wanavuka barabara kwenda kwa wengine. Ukiwa kitandani tayari, ukamwambia Awuor, "Dunia inahamia Windows. Msibaki nyuma kwa ajili yangu." Nikauliza hiyo ni nini, ukasema ni madirisha. Nikakwambia nyumba hii ya baraza la mji ina dirisha moja na halifungi, sasa unaagiza mengine ya nini? Ukanipiga kwa mto. Hata nguvu ya kurusha mto hukuwa nayo, lakini ulinipiga.

Basi mtoto wako aliyakataa hayo maboksi. Aliyafunika kwa leso yako, ile ya njano, akayasukuma kando ya kitanda. Kila asubuhi anakwenda kazini kwa Dosi, jioni anarudi. Hakulia Muhoroni. Nilimwangalia wakati wanashusha jeneza, macho makavu kama ya samaki aliyeanikwa. Na jina lako hakulitaja tena. Anasema "yeye". Yeye alikuwa anaweka karatasi hapa. Yeye hakupenda chai ya baridi. Nilimwambia, mama yako si "yeye", mama yako ana jina, nililitoa mimi mwenyewe.

Ameacha kubonyeza. Andika, wewe.

Jumapili moja, soko limejaa mpaka watu wanatandaza mitumba kwenye mlango wetu, Dosi ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Fundi aliifungua, akaifunga, akatikisa kichwa kama daktari yule wa kwako. Jioni Awuor akakaa mbele yangu, mimi nyanya yake, akasema, "Dani, hiyo mpya nauza. Chumba nafunga. Naenda kwa baba mdogo Muhoroni, wanataka mtu wa kuandika matrekta ya miwa yakiingia kiwandani."

Hapo niliogopa. Nakwambia ukweli, wakati wa ugonjwa wako sikuogopa hivyo, kwa sababu nilikuwa na kazi, kukugeuza, kukuosha, kukulisha. Sasa ningebaki kuogopa nikiwa nimekaa tu. Wewe umekwenda, kazi yako inafungwa, mtoto uliyeniachia anakwenda, na mimi nabaki na kuta za baraza. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Utauzaje ng'ombe ambaye hujamkamua? Ifungue kwanza."

Kesho yake tukayabeba maboksi kwa mkokoteni mpaka Kibuye. Nikakaa kwenye benchi, yeye akaunganisha nyaya. Alipowasha, mbingu ikatokea. Sitanii, Akinyi. Anga ya bluu na mawingu meupe yametulia kwenye kioo. Nilitaka kuuliza kama uko humo. Nikameza swali, maana mtoto alikuwa ameniangalia, na nadhani naye alikuwa amemeza lake.

Mbingu ikaondoka, zikaja picha ndogondogo, na hapo shida ikaanza. Awuor anasema si mashine tu iliyobadilika, ni mfumo wote. Ni kama kuhamia nyumba ambayo jiko limewekwa mahali pa kitanda. Vidole vyake vilijua Dosi vyenyewe. Ile ulikuwa unaiambia neno, inafanya. Hii haitaki kuambiwa, inataka kuonyeshwa kwa kidole kama mtoto wa mwaka mmoja, tena kidole chenyewe si chako, ni kitu chenye mkia kinachoitwa panya. Alimsukuma mpaka akaanguka mezani. Akamwinua juu akamzungusha. Nikamwambia, "Panya gani anatembea hewani?" Hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka. Anabonyeza mara moja, inataka mara mbili. Anabonyeza mara mbili, anachelewa katikati, inamwangalia tu.

Jioni akaizima kwa swichi ya ukutani, kama alivyofundishwa na wewe. Asubuhi ikaamka imenuna, kioo bluu, maneno meupe. Nikauliza inasema nini. "Inasema jana hatukuizima vizuri, Dani. Inataka kwanza uiambie kwamba unakwenda, ndiyo uzime." Nikasema ina adabu kuliko watu wengi. Wewe hukupata wa kumuaga, uliondoka nikiwa nimetoka nje na karai la maji machafu. Niliporudi lilikuwa bado mkononi mwangu.

Haya. Nifike pale ninapotaka kufika.

Siku hiyohiyo alipata pale pa kuandikia, karatasi nyeupe kwenye kioo. Halafu nikamsikia ananong'ona huku anabonyeza, herufi moja moja, na alichokuwa ananong'ona ni jina lako. Tangu Muhoroni, mara ya kwanza. Nilishika benchi nisisogee nikamwogofya.

Na chini ya jina lako ukatoka mstari mwekundu, umejikunjakunja kama mnyoo.

Alifuta, akaandika tena. Mwekundu. Akaandika jina langu, mwekundu. Lake, mwekundu. Akaandika Grace, lile la ubatizo wako, ikanyamaza. Akarudia Akinyi, ikachora. Akasimama, kiti kikaanguka. "Dani, imemkataa! Grace inamtaka, Akinyi inasema ni kosa!" Mimi sijui kusoma lakini nyekundu naijua. Mlikuwa mnarudi nyumbani na madaftari yaliyochorwa hivyo, na nyinyi wenyewe machozi tele. Mtoto aliyepita shule akiona nyekundu, anajua amekosea.

Akachukua leso yako akaifunika tena. "Sasa nauza. Leo."

Nilisimama mbele ya ile mashine iliyofunikwa nikaisema. Watu waliokuwa wakichagua mitumba mlangoni waliacha kuchagua. Niliiambia: "Wewe umekuja juzi na mkokoteni. Huyu unayemkataa ndiye aliyekununua. Nilipomzaa jua lilikuwa linachungulia, mkunga akasema mpe jina la asubuhi, nikampa. Asubuhi ni kosa? Nani alikuajiri uwe mwalimu?" Awuor alikuwa ameficha uso. Aliniambia baadaye ni aibu. Sawa, aibu haiui.

Nikaenda kwa jirani, Mama Wairimu wa madaftari na fotokopi, yule mliyegombana naye kwa ajili ya mtaro wa maji mpaka mkaacha kusalimiana. Nilijua ana mashine ya namna hii. Nikamwambia, "Njoo usikie matusi mashine yetu inatutukana."

Alikuja. Namshukuru, alikuja na kalamu bado sikioni. Akafunua leso, akaangalia, akacheka cheko lake lile la kuudhi. "Kumbe mnalilia hii? Si hata mimi imenichora! Wairimu imemchora, bwanangu imemchora, hata Kisumu yenyewe imeichora, na mnakaa ndani yake. Siku ya kwanza niliinunia mpaka jioni."

"Kwa hivyo inasema sisi sote ni makosa?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Haisemi umekosa. Inasema haikujui. Ni mgeni huyu, ametoka mbali. Mgeni akiingia kwako hajui watoto wako, unamfukuza ama unamwambia?"

"Namwambia."

"Basi mwambie." Akamwonyesha Awuor. Panya ana masikio mawili, la kushoto ndilo tulilokuwa tunabonyeza. Ukibonyeza la kulia juu ya jina, yanashuka maneno machache, na moja linasema ongeza. "Lakini nyinyi Wajaluo na majina yenu, mtakaa hapo mpaka Krismasi."

"Na nyinyi?"

"Sisi tulimaliza siku moja. Watoto tunawapa majina ya nyanya zetu tu, yaleyale." Na akakaa kwenye benchi yangu bila kukaribishwa.

Awuor akashika panya. Akabonyeza sikio la kulia. Akasubiri. Akabonyeza tena.

Mstari ukaondoka.

Jina lako likabaki peke yake kwenye weupe ule, halina kitu chini yake. Mtoto akaliangalia. Akasema kwa sauti, "Akinyi." Akasema tena, "Akinyi, mama yangu." Na hapo kilio kikatoka, kile alichokinyima Muhoroni, kizima, chote, mpaka mitungi ya muuza maji ikawekwa chini na watu wakaja kusimama mlangoni. Mama Wairimu akamshika bega moja, mimi lingine. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja na karatasi ya kutaipiwa akavua kofia. Akaniuliza kwa upole, "Nani amefariki, Mama?" Nikamjibu, "Binti yangu, lakini si leo. Keti, utahudumiwa."

Na akahudumiwa. Ilikuwa programu ya mazishi ya mamake. Awuor alitaipu huku anapangusa uso kwa mkono wa nguo, na kila jina la marehemu na la watoto wake lilipochorwa, aliliongeza kabla ya kwenda kwa linalofuata. Yule mzee alisogeza kiti, akawa anaangalia mistari ikiondoka mmoja mmoja, anaitikia kila jina kama kanisani. Akapewa na maua kwenye pembe. Mimi nasema yanafanana na kabeji, lakini mzee aliyapenda.

Unajua desturi yetu. Marehemu akitaka kukumbukwa huja kwa ndoto, anaomba jina, mtoto anaitwa kwalo. Hujaja kwangu. Sikulaumu, pengine unaona mimi nalala kidogo. Nilikuwa nimejiambia tutangoja mpaka Awuor azae, ndipo jina lako liitwe tena nyumbani. Sisemi mashine ni mtoto. Sijapumbaa. Nasema tu kwamba sasa Awuor akirudi jioni anaweka mkoba chini na kuanza, "Mama yangu Akinyi angeona leo," na anaendelea hadi chakula kinapoa. "Yeye" ameondoka nyumbani kwetu.

Matrekta ya miwa yamepata mtu mwingine. Mama Wairimu anakuja kila siku kusema tunafanya vibaya. Mtaro bado unatuletea maji machafu. Tumekubali kuuchimba pamoja mvua zikipungua.

Binti yangu, sikukuaga, nakuaga sasa. Lala kando ya mume wako bila wasiwasi. Nakuahidi Awuor hatakula chakula cha upweke nikiwa hai, na nikifa nimeshamwambia Mama Wairimu, ambaye amesema ataangalia hilo kwa lazima kwa sababu mimi ni msumbufu. Tutakuja kupalilia kaburi kabla magugu hayajakufika kifuani.

Awuor ananiambia barua hii yote imechafuka nyekundu, mstari hadi mstari, kwa sababu Kiswahili mashine haijakisikia. Ameuliza tukiongeze. Nimesema hapana, hatuwezi kuifundisha ulimwengu kwa siku moja. Nimemuuliza kuna neno lolote lililobaki safi. Ametafuta. Anasema ni machache. "Mama" limebaki safi. Hilo ilikuja ikilijua yenyewe. Na "Akinyi", kila mahali lilipo. Hilo tumeifundisha sisi.

Mama yako,
Kaloleni