Kamba Wekundu wa Nukulevu

Suva, Jumamosi tarehe 5

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Vasiti. Sisi wazima, kikohozi chake kimekwisha. Natumai goti lako halikusumbui sana na mvua hizi, na kwamba mdogo wangu Jone ameliziba paa la jikoni kama alivyoahidi, ingawa namjua Jone.

Habari mpya kabisa ni hii. Mkurugenzi wa Taasisi ya Viumbe vya Mwambao alitutangazia waandishi jana kwamba kamba wekundu wa kidimbwi chetu cha hapo Nukulevu wamefutwa kwenye kanzidata ya taasisi. Hatua hiyo aliiita "marekebisho ya kawaida". Kila nilipoyasikia maneno hayo katika kazi yangu, nyuma ya mlango kulikuwa na mtu anayetokwa jasho. Safari hii alikuwa Daktari Tavutu.

Utamkumbuka: alikuja kwenu mwaka jana na kofia pana na viatu visivyoingia maji. Alipewa kazi ya kukusanya kila aina ya kaa, kamba na jamaa zao wa bahari yetu, kuwahifadhi kwenye chupa za spiriti, na kuingiza kwenye kanzidata picha ya kila mmoja na mahali alipopatikana. Kazi nzuri, ila ilimhitaji mtu asiyeogopa kulowa. Rafu zake nusu zimejazwa kutoka sokoni hapa Suva. Nimewaona kaa wake wa "mikoko ya kaskazini" wakiwa bado wamefungwa magando kwa utepe wa majani, kama muuzaji alivyowaacha.

Fahari yake hasa ilikuwa chupa ya kamba wekundu. Aliiweka mlangoni chini ya taa, na wageni wakapigwa picha nayo. Aliniambia, kifua mbele, kwamba alishuka kidimbwini hadi maji ya shingo akawashika kwa mikono yake. Nikamwuliza maji yalikuwaje. "Baridi, kaka! Baridi ya kutisha." Kidimbwi kile, ambacho ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Sikumbishia. Niliandika.

Wiki hii amekuja mtaalamu kutoka Wellington, Bi Ngaire Pohatu, kuchukua nyama kidogo ya kila mnyama ili apime ukoo wake. Chupa ya fahari ikafunguliwa mbele yetu sote. Mafuta yalikuwa yanaelea juu. Bi Ngaire akanusa, akanusa tena, akauliza kama kuna mtu ana muhogo.

Halafu akachomoa kwa koleo kitu chembamba, cheupe, kilichonasa kati ya miguu ya kamba mmoja. Tavutu akamweleza kwa sauti ya mhadhara kwamba hicho ni kimelea kisichojulikana na sayansi, na kwamba kimeshaingizwa kwenye kanzidata kwa jina la muda, linalotokana na jina lake mwenyewe.

"Daktari," akasema yule mama taratibu, "kimelea chako ni kitunguu."

Katibu wa taasisi alicheka hadi ikabidi atoke nje. Tavutu akadai kitunguu kiliingia kwa bahati mbaya hapo maabara. Akaulizwa, je, tui nalo liliingiaje? Nimeshuhudia mawaziri wakidanganya vizuri zaidi ya vile wakiwa na homa.

Ningecheka nao, Mama, lakini Jumatatu tarehe 14 kamati ya mkoa inakaa kuamua kama kampuni ya hoteli ifukie kidimbwi ijenge gati. Kilichoizuia hadi jana ni kamba wale kuwamo kwenye kanzidata. Wakili wa hoteli alinipigia simu jana ileile, sauti imejaa furaha. "Kama mnyama hayumo, hilo ni shimo la maji tu, ndugu yangu. Na shimo hufukiwa."

Sasa niseme lile ninalolizunguka. Kitambaa alichowafutia Bi Ngaire kilibaki na rangi ya njano. Nukulevu nzima, anayetia manjano kwenye kamba wa tui ni wewe peke yako, tangu jirani yetu Bi Shakuntala alipokufundisha tulipoishi karibu na mashamba ya miwa. Nikampigia Jone. Alianza kucheka kabla sijamaliza kuuliza. Akaniambia Tavutu hakukivuka hata kile kilima cha kwendea kidimbwini, alishinda kibarazani kwako anakula, kisha akakusukumia chupa: "Mama, niletee hao wekundu." Ukamwambia hao hawachukuliwi na mtu. Akasema serikali haina mwiko. Basi ukaingia jikoni ukamchotea kiporo cha kamba wa tui, ukasema, "Anataka wekundu, wekundu hawa hapa."

Alistahili. Ila chupa ile ya uongo ndiyo iliyokilinda kidimbwi, na sasa haipo.

Habari nzima inatoka gazetini Jumatano. Jina lako limo, aya ya tatu. Mhariri aliniuliza kama nina uhusiano na mpishi. Nikamwambia ni mama yangu, na hilo limo pia.

Bi Ngaire anakuja kwenu na boti ya Alhamisi. Anasema hataua hata mmoja: mguu mmoja wa kamba unamtosha kuwarudisha kwenye kanzidata, nao huota tena. Hataingia majini. Atakaa ukingoni mpaka nyinyi akina mama muwaite kamba wapande juu kwa wimbo wenu wa desturi, na mkikataa atarudi alikotoka. Najua mguu nao ni sehemu ya kamba. Mwiko ni wenu, mwamue wenyewe. Mkisema hapana, nitaandika hapana.

Msalimie Jone, mchungaji, na wote wa nyumba ya juu. Vasiti anakutumia kitambaa cha kitanda na dawa ya goti. Anavyo nahodha wa boti ya leo pamoja na barua hii. Na huyo mgeni, Mama, chakula chake mwekee kwenye sahani.

Boti inafika Alhamisi tarehe 10, maji yakijaa. Kamati inakaa Jumatatu tarehe 14, saa tatu asubuhi.

Mwanao,
Eroni