Komunike ya Kilio cha Kamalondo

Lubumbashi, Katuba

Baba yangu mpenzi,

Kwanza niambie mguu wako uko namna gani. Mdogo wangu ameniambia kwenye simu kwamba sasa unafika hadi kituo cha treni kwa fimbo, kukaa na wenzako wa zamani. Nilifurahi sana. Huku kwa shangazi sote tuko wima, namshukuru Mungu. Maji yanatusumbua na unga umepanda, lakini tunakula.

Uliuliza kazi yangu ya redio ni kazi gani, maana jirani anafikiri ninasoma habari. Hapana, Baba, miye ninatunza mashine. Wacha nikueleze kwa jambo lililotokea, maana bado liko moyoni mwangu.

Sauti zote za redio, hata komunike za vilio, yale matangazo ya misiba yanayoletwa na familia, zimewekwa kwenye diski kubwa katika chumba kingine. Mtangazaji hazipati mpaka diski ziunganishwe na seva, ile kompyuta inayohudumia studio. Wewe uliyefunga mabehewa Kabalo maisha yako yote utaelewa: behewa lisipofungwa, treni inaondoka bila mzigo. Kwetu aliyekuwa akifunga ni Papa Célestin, mtu wa umri wako. Kila umeme ukikatika na kurudi, aliandika amri kwenye seva kwa mkono wake ili diski zirudi. Na hapa umeme unakatika ovyo.

Jumamosi moja alikuwa hospitali na mke wake mgonjwa. Umeme ukakatika, ukarudi. Mtangazaji alipofungua dosie ya vilio, ile folda ya komunike kwenye kompyuta, akaikuta tupu. Akafikiri hakuna aliyefiwa siku ile, akaweka muziki.

Jumatatu akaingia mama mmoja kutoka Kipushi, kitambaa cheusi kichwani. Hakupiga kelele.

"Mama yangu alikufa kule Kamalondo," alisema. "Simu yangu iliharibika, miye niko na redio tu. Iliwaka siku yote. Balimuzika jana, Siku ya Mungu, miye nilikuwa ninafua nguo. Leo nilifika kwao, kaka zangu banasema balileta komunike hapa. Ni kweli, ao balinificha?"

Papa Célestin alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alitoka nje akasimama peke yake uani.

Mkurugenzi akaniita. "Papa anazeeka. Tutafute mwingine."

"Patron," nikamjibu, "hata huyo mwingine atakuwa na mugonjwa wa kupeleka hospitali. Munipe wiki hii."

Kuna programu inayounganisha diski yenyewe pale mtu anapofungua dosie, na kuiachia isipotumiwa. Niliiweka kwenye seva, nikaiandikia dosie gani inatoka diski gani, na isubiri muda gani kabla ya kuachia. Nikaiagiza iamke kila seva inapowaka. Papa Célestin alikaa kando yangu akinitajia majina ya diski, maana aliyajua kwa kichwa. Katikati akanigeukia.

"Mwanangu, unanitosha ku kazi, unaniondoa, si ndiyo?"

Baba, usoni mwake nilikuona wewe, siku ile ulipoambiwa uache reli, ubaki nyumbani. Nikamwambia, "Papa, ninataka ukae na Mama hospitali, simu ya redio isikuite." Aliendelea kutaja majina, lakini kwa sauti ndogo.

Siku ya kujaribu tulizima kila kitu, tukawasha tena. Mtangazaji akatazama. "Iko tupu tena!" Mkurugenzi alikuwa nyuma yetu. Kisha nikakumbuka kwamba programu hii haionyeshi dosie mpaka mtu aiite kwa jina. Nikaandika "vilio", na sauti zote zikatokea. Nikaongeza agizo moja tu, majina ya dosie yaonekane tangu mwanzo, watu wasiogope bure. Tangu hapo umeme unakatika na kurudi, na hakuna anayeitwa.

Nilimwomba mkurugenzi amwache Papa abaki kazini, akakubali. Sasa anapokea familia zinazoleta komunike. Kazi hiyo inamfaa: anampa mtu kiti kabla ya kumuuliza jina la marehemu.

Ni yeye aliyemtafuta yule mama wa Kipushi. Komunike ya mama yake ilikuwa bado kwenye diski, na tulimwomba ruhusa ya kuitoa hewani. Papa mwenyewe alitangulia kwenye maikrofoni kuomba radhi. Mama alikaa nasi, mikono magotini, akisikiliza jina la mama yake, mtaa, saa ya mazishi iliyokwisha kupita. Sauti ya kaka yake ikafika kwenye majina ya watoto wa marehemu, na jina la mama huyu lilikuwa la kwanza, maana ndiye dada mkubwa. "Popote uko, Yaya, kuya, tunakungojea." Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama watu wanavyolia kwenye kilio, na sisi wote tukasimama pamoja naye.

Msalimie Mama, na Mama Mkubwa anayeuza samaki sokoni, na mjomba wetu katekista. Mdogo wangu asiache kukusindikiza ukitoka.

Ninashika mikono yako miwili,

binti yako wa kwanza,
Georgette